Ugiriki kwa gari la kukodi, kutoka mzeituni wa Athena mpaka pango la Zeus

Ijumaa, Athens

Ndege imetua mchana na jua la mwisho wa mwezi wa tisa huku bado halina masihara. Niko na mdogo wangu, yule wa mwisho kwetu, ambaye hadithi za Wagiriki anazijua kutoka kwenye magemu tu, yaani kwake Zeus, mkubwa wa miungu wote, ni bosi wa mwisho unayepigana naye, ukimaliza unazima tv unalala. Mimi ndo mgonjwa wa hizi hadithi tangu sekondari na safari nimeipanga kwa sheria moja, tunaenda pale hadithi ilipotokea. Ufukweni kupiga picha za miguu hatuendi. Maana watu wanadhani hawa miungu walikuwa wanakaa mawinguni huko, kumbe wana anwani kabisa, chemchemi ile, mwamba ule, njia panda ile, unaenda na gari unapaki.

Jioni tumeanza na cha bure, Areopago. Ni mwamba tu chini ya Akropoli, kile kilima cha mahekalu, umelainishwa na miguu ya watu mpaka unateleza balaa, pembeni kuna ngazi za chuma tumieni hizo. Wanaosoma Biblia wanaujua kwa Matendo 17, Paulo alipowahubiria Waathene. Ila kabla ya Paulo huu ulikuwa mwamba wa Ares, mungu wa vita. Mtoto wa Poseidon, mungu wa bahari, alimkamata kwa nguvu binti wa Ares, Ares akamuua palepale, Poseidon akashtaki, miungu wakapanda hapa juu wakakaa kusikiliza kesi, Ares akaachiwa huru. Waathene walisema hiyo ndo kesi ya kwanza ya mauaji duniani, na mahakama yao halisi ya mauaji ilikaa hapahapa miaka mingi sana. Mdogo wangu kashangaa, "Dada, kwa hiyo miungu nao wanashtakiana?" Nikamwambia subiri, hujaona kitu.

Jumamosi, Akropoli

Tiketi za Akropoli siku hizi unanunua mtandaoni na unachagua saa, sisi tulichukua ya saa mbili asubuhi na nashukuru, maana ilipofika saa tano marumaru ile nyeupe inakurudishia jua lote usoni.

Parthenon kila mtu anaijua kwa picha, ilijengwa kati ya 447 na 432 KK na haikubomolewa na uzee. Mwaka 1687 Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani, jeshi la Venice likapiga bomu, katikati yote ikaruka. Nimeizunguka, nimepiga picha, nimeridhika. Kilichonileta mimi kiko pembeni, jengo dogo la Erechtheion.

Hapo ndo Athena, mungu wa kike wa hekima, na Poseidon waligombania mji. Poseidon akapiga mwamba kwa mkuki wake wa meno matatu, yakatoka maji, watu wakafurahi wakaonja, ya chumvi. Athena akapanda mzeituni. Sasa ukisimama ukumbi wa kaskazini kuna alama kwenye mwamba chini, na juu yake kwenye dari wameacha tundu makusudi, Waathene wakisema hapa ndo pigo lilipotua, eti pasifunikwe paangaliane na mbingu. Upande wa magharibi kuna mzeituni, sio ule wa zamani, huu umepandwa zama hizi, ila uko palepale. Mdogo wangu aliguswa na huo mti kuliko Parthenon nzima. Kasema mti unaeleweka.

Ila kuna toleo la hadithi hii ambalo huwa haliwekwi kwenye vitabu vya watoto, Mtakatifu Augustino kalinukuu kutoka kwa mwandishi wa Kirumi Varro. Ilipigwa kura, na enzi hizo wanawake nao walipiga. Wanaume wote Poseidon, wanawake wote Athena, na wanawake walikuwa wamezidi kwa mmoja. Athena akashinda. Poseidon akafurika mashamba kwa hasira, na wanaume ili kumtuliza wakawaadhibu wanawake, wasipige tena kura, watoto wasibebe majina ya mama zao. Yaani mji unaitwa kwa jina la mwanamke, ulipatikana kwa kura za wanawake, na hao wanawake ndo wakalipishwa. Nimesimama hapo nimelifikiria hilo mpaka mlinzi akapuliza filimbi, kumbe kuna mtu kakaa juu ya jiwe.

Mchana makumbusho ya Akropoli, ile mpya iliyofunguliwa 2009, kiyoyozi safi. Wale wanawake sita wa mawe wanaobeba paa la Erechtheion, wale walioko nje ni nakala, wa kweli watano wako humu ndani na nafasi ya wa sita imeachwa wazi kwa sababu yuko London. Hakuna aliyeandika maelezo marefu, ni pengo tu, na linasema yote.

Jumapili, Elefsina

Hapa watalii hawaji na sielewi kwa nini. Ni kama kilometa ishirini magharibi ya Athens, basi la mji linakupeleka, na barabara yenyewe mpaka leo inaitwa Iera Odos, Njia Takatifu, ndo ileile walioandamana nayo mahujaji. Leo pembeni yake kuna gereji na maduka ya matairi, na ukikaribia unaona mitambo ya mafuta na meli zilizochakaa baharini. Alafu katikati ya mji wa viwanda unakuta magofu ya Demeter, mungu wa kike wa mazao.

Hadithi fupi kwa asiyeijua. Persephone binti wa Demeter alikuwa anachuma maua, ardhi ikapasuka, Hades mungu wa kuzimu akatoka na farasi wake akambeba. Zeus baba mtu alikuwa anajua, ndo aliyeruhusu. Demeter akazunguka dunia na mienge siku tisa hali haogi, mpaka akaja kukaa kwenye kisima hapa Elefsina kajifanya bibi kizee. Kisima kipo. Kiko mlangoni kabisa, mduara wa mawe yaliyochongwa yakashikana vizuri hata wembe haupiti, nimeinama nikachungulia, ndani majani makavu na chupa ya maji ya mtu asiye na adabu.

Akachukuliwa nyumbani kwa mfalme, akakataa kiti, akakataa divai, kakaa kajifunika shela hasemi na mtu. Ndo mjakazi mmoja anaitwa Iambe akaanza kumtania, utani wa matusi matusi ule, mpaka Demeter akacheka. Baada ya hapo ndo akakubali kunywa, akapewa shayiri kwenye maji na majani ya mnanaa. Jamani huyo ni mtani wa msibani! Kwetu mtu anafiwa, watani wanakuja wanalala kwenye jeneza wanadai hela, wanavaa nguo za marehemu, na mfiwa ambaye hajafungua mdomo tangu asubuhi anajikuta anacheka, akishacheka anakula. Nimesoma wataalamu wanachambua utani wa Iambe kurasa na kurasa, mtu wa Tanga au Songea angewaelewesha kwa dakika mbili.

Kwenye kona kuna pango dogo, la Hades, ndo mlango aliopitia Persephone kurudi. Halina hata kina, mtu mzima anaingia hatua chache tu. Demeter alikuwa amegoma, mazao hayaoti, watu wanakaribia kuisha na miungu watakosa sadaka, ndo Zeus akasalimu amri. Ila binti alikuwa ameshakula punje ya komamanga huko chini, na ukishakula cha kuzimu umefungwa, kwa hiyo theluthi ya mwaka anarudi kwa mume, theluthi mbili kwa mama. Kuhusu hilo watu walikuja hapa kufanya ibada ya siri karne na karne, na adhabu ya kuitoa siri ilikuwa kifo, na wakaitunza kweli maana mpaka leo kilichoonyeshwa ndani ya ule ukumbi mkubwa hakijaandikwa popote kikaeleweka. Maelfu kwa maelfu ya watu, na hakuna aliyechonga. Siku hizi siri ya watu watatu haifiki jioni.

Jumatatu, Korintho na Nemea

Tumechukua gari, mdogo wangu ndo dereva, mimi ramani na mdomo.

Barabara ya kwenda Korintho inapita Kakia Skala, miamba inaangukia baharini kushoto kwako, leo ni mahandaki tu, hakuna shida. Zamani alikaa hapa jambazi Skiron, anakulazimisha umuoshe miguu, ukiinama anakupiga teke unaangukia baharini ambako kuna kobe mkubwa anakusubiri. Theseus akiwa kijana anaenda Athens kumtafuta baba yake akamfanyia vilevile. Ukipita pale ukiona ule mteremko unaelewa kwa nini hadithi imekaa hapa na sio kwingine, msafiri wa miguu pale alikuwa hana pa kukimbilia.

Mfereji wa Korintho, kilometa sita na kitu, ulimalizika 1893, ukiwa juu ya daraja unatazama chini magoti yanalegea. Dakika kumi zinatosha.

Korintho ya kale yenyewe ni ya Paulo na Wakorintho wake, kuna lile jukwaa alilosimamishwa mbele ya Galio, na kikundi cha mahujaji walikuwa wanaimba pale vizuri tu. Mimi nilikuwa namtafuta Sisyphus. Watu wanamjua kwa lile jiwe anasukuma linarudi, wachache wanajua kosa lake. Huyu alikuwa mfalme hapa, siku moja akamuona Zeus kambeba Aegina, binti wa mungu wa mto Asopos. Baba mtu akaja anauliza binti yangu kaonekana wapi. Sisyphus kamwambia najua unachotafuta, ila mji wangu hauna maji huko juu, nipe chemchemi. Kapewa! Aliuza umbea akalipwa maji. Na chemchemi iko kweli juu ya Akrokorintho, mlima wa mita 575, tumepanda mpaka juu jasho linatutoka, unashuka ngazi chini ya ardhi unayakuta maji yametulia. Mdogo wangu katia mkono, kasema ya baridi. Zeus akamtuma Kifo, Sisyphus akamfunga Kifo minyororo, watu wakawa hawafi, mpaka Ares akaja kumfungulia kwa sababu vita vilikuwa havina maana tena. Mara ya pili akafa kweli lakini alikuwa kamuagiza mkewe asimzike, akafika kuzimu akalalamika sijazikwa nirudisheni nikamkaripie mke wangu, wakamrudisha, akakaa. Mtu wa hivyo jiwe nadhani walimpa ili awe bize tu.

Mchana Nemea. Bonde la zabibu, kimya, hekalu la Zeus lina nguzo tatu ambazo hazijawahi kuanguka tangu zamani na zingine wamezisimamisha upya. Hapa ndo yule simba, kazi ya kwanza kati ya kumi na mbili alizopewa shujaa Heracles, ngozi haipenyi mshale, pango lina milango miwili, Heracles akaziba mmoja akaingia kwa mwingine akamkaba kwa mikono. Kumchuna akashindwa mpaka akatumia kucha za simba mwenyewe. Uwanja wa michezo ndo uliotufurahisha zaidi, wanariadha walikuwa wanaingilia kwenye handaki la mawe na ukutani mle ndani wameandika majina yao wakisubiri kuitwa. Tumetembea mle tukatokea juani, mdogo wangu akakimbia mita mia peke yake, bibi mmoja Mgiriki akampigia makofi.

Jumanne, Mycenae, Tiryns, Lerna

Tumelala Nafplio, na leo ndo siku niliyoisubiri.

Mycenae asubuhi. Lango la Simba, karibu miaka 1250 KK, simba wawili juu ya mlango vichwa vimepotea. Mawe ya ukuta makubwa mpaka Wagiriki wa baadaye walisema binadamu hawezi, ni Cyclopes wenye jicho moja ndo waliojenga kwa kazi ya Perseus. Nusu ya watu wanakuja kwa mfalme Agamemnon na mkewe aliyemuua bafuni, mimi nilikuwa namfikiria Perseus, aliyemkata kichwa Medusa, kwa sababu ya mkewe. Andromeda. Binti wa Cepheus mfalme wa Waethiopia, aliyefungwa kwenye mwamba aliwe na dude la baharini kwa sababu mama yake alijisifia uzuri. Ndo kamuoa kaja naye huku. Mtoto wao Electryon, Electryon akamzaa Alcmene, Alcmene akamzaa Heracles. Kwa hiyo bibi mzaa babu yake Heracles ni Mwethiopia. Najua, najua, Waethiopia wa Wagiriki ni watu wa mbali mwisho wa dunia na wapo waliosema mwamba wenyewe uko Yafa, sijidai kuchora mipaka ya Addis hapa. Ila kwenye Iliad, lile shairi la vita vya Troy, hapo mwanzoni tu Zeus hayupo ofisini, kaenda karamuni kwa Waethiopia na miungu wote wamemfuata, siku ya kumi na mbili ndo anarudi, na shida za Wagiriki zinasubiri. Kwenye michoro na masanamu mengi Andromeda anachorwa mweupe pe. Mdogo wangu kaniambia dada punguza sauti, watu wanatuangalia.

Tiryns iko njiani, dakika kumi kutoka hoteli, kuta nene kuliko za Mycenae na wageni hawafiki kumi. Heracles alikaa hapa akimtumikia binamu yake Eurystheus. Sababu ya utumwa huo ni Hera, mke wa Zeus. Zeus alijigamba kwamba mtoto wa ukoo wa Perseus atakayezaliwa leo atatawala, Hera akamzuia Alcmene uchungu, akamharakisha mwenzake ajifungue wa miezi saba, Eurystheus akazaliwa kwanza akapata ufalme. Baadaye Hera akamtia Heracles wazimu akaua watoto wake mwenyewe, akaenda Delphi kuuliza afanye nini, akaambiwa nenda kamtumikie. Na yule bosi alikuwa mwoga, siku Heracles alipomletea nguruwe mwitu mzima akajificha ndani ya mtungi wa shaba.

Sasa sikilizeni, hiki ndo kitu ambacho kitabuni huwezi kukiona mpaka uendeshe gari. Nemea mpaka hapa ni chini ya saa moja. Lerna ya Hydra, lile joka la vichwa vingi, iko ng'ambo ya ghuba, ukisimama ufukweni Nafplio unaiona. Ziwa la ndege wa Stymphalia ni milima ya magharibi ya Nemea. Nguruwe, swala mwenye pembe za dhahabu, mazizi ya Augeas, kazi sita za mwanzo zote ni Peloponnese hiihii, rasi ya kusini ya Ugiriki. Hizi zilikuwa habari za vijiji vya jirani! Mtu wa Argos akisikia simba wa Nemea alikuwa anajua ni mlima upi na shamba la nani. Alafu kazi ya saba ni fahali wa Krete, ya nane Thrace, ya tisa kwa Amazon Bahari Nyeusi, ya kumi magharibi kabisa mwisho wa bahari, yaani dunia yao ilivyopanuka kwa meli na biashara ndo na kazi zikasogea. Tumelijadili hili njia nzima mpaka tukapitiliza kona ya Lerna tukageuza.

Lerna kuna kijiji kinaitwa Myloi, bwawa dogo la chemchemi lina mianzi, bata, na maji yanabubujika kutoka chini kimyakimya kila sehemu. Hydra alikaa humu, unakata kichwa kimoja vinaota viwili. Heracles akashindwa peke yake, mpwa wake Iolaus akawa anachoma shingo kwa moto kila kichwa kikikatwa, na Hera akatuma kaa amng'ate mguu, na Eurystheus akasema hii kazi haihesabiki umesaidiwa. Wapo wanaosema Hydra ni lile bwawa lenyewe, ukiziba jicho moja la maji yanafumuka mawili. Nikiwa nimesimama pale nikiangalia yale maji yanavyobubujika nimewaelewa. Palikuwa pia na ziwa waliloamini halina mwisho, Dionysus, mungu wa divai, alipitia humo kwenda kuzimu kumtoa mama yake, na mfalme Nero wa Roma alileta kamba ndefu akazifunga na vipande vya madini ya risasi kupima, hakufika chini. Leo ni mianzi na mbu. Mbu wamenila.

Jumatano, Thebes mpaka Delphi

Siku ya barabara. Thebes alizaliwa Heracles, alizaliwa Dionysus, Oedipus alitegua kitendawili cha Sphinx, na leo ni mji wa kawaida kabisa wenye foleni, tumekula mishikaki tukaondoka. Baadaye kidogo kabla ya Arachova kuna njia panda bondeni inayotajwa kuwa ndo pale Oedipus alipogombana na mzee aliyekataa kumpisha njia, akamuua, hajui ni baba yake. Ugomvi wa kupishana barabarani. Mdogo wangu ambaye asubuhi alikuwa anamtukana dereva wa lori akanyamaza.

Delphi tumefika jioni, tumelala.

Alhamisi, Delphi

Zeus aliachia tai wawili kutoka ncha mbili za dunia, wakakutana hapa, kwa hiyo hapa ni kitovu, na jiwe la kitovu lipo makumbusho, limechongwa wavu wa sufi juu yake. Mungu Apollo alikuta joka Python analinda mahali, akamuua, akapachukua. Mwanamke anayeitwa Pythia akawa anakaa kwenye kiti cha miguu mitatu anatoa majibu. Mfalme Croesus aliuliza kama avuke mto kuwapiga Waajemi, akajibiwa ukivuka utaangusha dola kubwa. Akavuka, akaangusha ya kwake. Waganga mnajua hiyo mbinu.

Mpaka 1892 kijiji kizima kilikuwa kimekaa juu ya haya magofu, Wafaransa walipoanza kuchimba watu wakahamishiwa pembeni, ndo Delphi ya mahoteli ya leo.

Kitu kilichonisimamisha sikukitegemea. Chini ya hekalu la Apollo kuna ukuta mrefu, mawe yake yana kona kona yameshikana bila mpangilio, na ukisogea uso mpaka karibu unaona ukuta umejaa maandishi madogo madogo, mstari juu ya mstari. Nilidhani sala. Ni hati za kuwaachia watumwa huru. Mamia. Mtumwa hakuwa na haki ya kujinunua, kwa hiyo fedha ilipita kwa Apollo, mungu "anamnunua" kutoka kwa bwana wake kwa bei fulani na mashahidi hawa, na kuanzia hapo yuko huru kwenda atakako. Nyingine zina sharti kwamba abaki kumtumikia bwana mpaka bwana huyo afe. Mimi nimekulia pwani, Bagamoyo nimeenda na shule nikaonyeshwa minyororo, majina ya watu hatukuonyeshwa. Hapa mtu alihakikisha jina lake limechongwa kwenye nyumba ya mungu ili asije mtu kesho akamwambia wewe wangu. Watalii walikuwa wanaegemea kupiga picha za bonde.

Kulikuwa pia na jiwe lingine hapa, sio kitovu. Cronus baba wa Zeus alikuwa anameza watoto wake wakizaliwa, Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon, wote kameza. Wa sita mama akampa jiwe limefungwa nguo za kichanga, akalimeza. Baadaye akawatapika wote na jiwe likawekwa Delphi, msafiri wa Kigiriki Pausanias aliliona karne ya 2, anasema walilipaka mafuta ya zeituni kila siku. Mtoto wa kweli alikuwa ameshafichwa Krete. Kwa hiyo na sisi usiku huu tunapanda meli Piraeus.

Gari tumelirudisha na kampuni, siitaji jina, wakatukata hela ya mkwaruzo ambao tulikuwa nao kwenye picha tangu siku ya kulichukua. Tumeonyesha picha, wakarudisha. Pigeni picha jamani.

Ijumaa, Knossos

Meli ya usiku, Heraklion alfajiri. Bahari hii ya Aegean inaitwa kwa jina la Aegeus, baba yake Theseus, aliyejirusha alipoona matanga meusi akadhani mwanae kafa. Mwanae alikuwa mzima, kasahau tu kubadilisha matanga.

Knossos alianza kuichimba kwa nguvu Arthur Evans, Mwingereza, mwaka 1900, na akaijenga upya sehemu kwa zege na kupaka rangi nyekundu, watu wa mambo ya kale wanalalamika mpaka leo. Mimi zege limenisaidia, bila hivyo ningekuwa naangalia misingi. Vyumba juu ya vyumba, korido inakata kushoto inaishia ngazi, unapanda unatokea ulikotoka. Mdogo wangu kapotea kweli, nimempigia simu yuko ng'ambo ya ukuta ananisikia sauti.

Kuhusu Minotaur watu wanamchukia yule mtoto bure. Minos, mfalme wa Krete, alipewa fahali mweupe na Poseidon ili amchinje, akamwona mzuri akamweka, akachinja mwingine. Poseidon akamlipiza kwa mke, Pasiphae akampenda fahali, fundi Daedalus akatengeneza ng'ombe wa mbao, akazaliwa mtoto mwenye kichwa cha fahali. Jina lake Asterion, alikuwa na jina! Kosa la babake wa kambo, adhabu kwa mamake, na yeye anafungiwa gizani analishwa vijana wa Athens, saba wa kiume saba wa kike. Alafu Ariadne dada yake akampa Theseus uzi wa kumrudisha nje akishamuua, akamsaliti ndugu na baba, na Theseus shujaa akamwacha amelala kisiwa cha Naxos akaondoka zake. Dionysus ndo alikuja kumuoa. Theseus simpendi na sijifichi.

Jumamosi, Lasithi

Tumekodi gari lingine, milima, kona, mpaka uwanda wa Lasithi na kijiji cha Psychro. Kuna punda wa kukupandisha pangoni, tumepanda kwa miguu. Mlangoni joto, unashuka ngazi zimelowa, baridi inakupanda kwenye vifundo kwanza, mawe yananing'inia yanadondosha tone moja moja, chini kabisa kuna kidimbwi cheusi. Hapa ndo Rhea mama yake alimficha Zeus. Mbuzi Amaltheia akamnyonyesha, na vijana waitwao Kouretes wakawa wanacheza nje wanagonga mikuki kwenye ngao kwa kelele ili Cronus asisikie mtoto analia. Wachimbaji wamekuta humu vishoka vya shaba na sadaka kibao, kwa hiyo watu waliamini kwelikweli.

Ila Krete hii hii kuna pango lingine, mlima Ida, nao wanasema ni lao. Na karibu na Knossos kuna mlima Juktas, ukiuangalia kutoka Heraklion unaona uso wa mwanaume kalala chali, wenyeji wa zamani walisema ni kaburi la Zeus. Kaburi! Mungu asiyekufa! Mshairi Callimachus alikasirika akaandika kwamba Wakrete ni waongo siku zote maana wamemjengea kaburi asiyekufa, na Paulo kwa Tito naye kayarudia maneno hayohayo ya kwamba Wakrete ni waongo, kasema nabii wao wenyewe kayasema. Mdogo wangu alilitafuta kwenye simu akalisoma kwa sauti mgahawani nikamkanyaga mguu.

Mama mwenye mgahawa alikuwa ameshatuletea tikitimaji na raki ya bure. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu na mikono, mama, pango la kweli ni lipi, hapa au Ida? Akajibu bila kufikiri, kazaliwa hapa, kule alipelekwa kulelewa tu. Nikamuuliza na watu wa kule wanasemaje. Akacheka, akafuta meza, akasema wale wa Ida muwaulize wenyewe, ila msile kule, wana bei.